Nyumba Zilizokosa Sura Kitabuni

Mwaka 1903 kilitoka kitabu cha Kiswahili mjini Göttingen, Ujerumani. Kiliitwa Desturi za Wasuaheli na khabari za desturi za sheri'a za Wasuaheli, na jina lililowekwa mbele lilikuwa la Mjerumani, Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili huko Berlin. Mwaka huohuo ikatoka tafsiri yake ya Kijerumani. Ndani mlikuwa na maisha ya pwani tangu mimba hadi kaburi: mtoto kuzaliwa na kupewa jina, chuo cha Kurani, jando na unyago, posa, mahari, harusi, talaka, mabwana na watumwa wao, maradhi, pepo, madeni, mirathi na matanga.

Kumsomea mtu wa Bagamoyo kitabu hicho kungekuwa sawa na kumweleza mvuvi kwamba bahari ina chumvi. Aliyekihitaji alikuwa mwingine. Ofisa wa Kijerumani aliyepangiwa Kilwa au Pangani alijikuta asubuhi amekaa barazani, mbele yake watu wamejaa na mashauri yao. Mwanamke anadai mahari yake. Ndugu wawili wanagombea shamba la minazi la marehemu. Mtu anasema huyu si mwanangu, ni mtoto wa ndugu yangu, lakini mimi ndiye baba yake. Kijerumani kilikuwa na neno moja, Onkel, kwa mjomba na kwa amu, ilhali pwani wawili hao hawana haki moja wala wajibu mmoja. Asiyejua nani ni nani katika nyumba hawezi kuhukumu, na wala hawezi kutoza kodi vizuri. Ndiyo maana serikali ikahitaji kitabu cha kusomea familia za watu wengine.

Mahali pa kukisomea palikuwapo tayari. Seminari ya Lugha za Mashariki ilifunguliwa Berlin mwaka 1887, miaka mitatu tu baada ya Carl Peters, mwanzilishi wa koloni la Kijerumani Afrika Mashariki, kuzunguka bara akitilisha saini mikataba yake. Kiswahili kilifundishwa hapo na Carl Büttner, aliyewahi kuwa mmisionari, akisaidiwa na walimu walioletwa kutoka Unguja. Mmoja wao, Amur bin Nasur, alifundisha tangu 1891 hadi 1895, na habari alizoandika juu ya maisha yake na ya Berlin zikatoka katika mkusanyo wa Büttner mwaka 1894. Utaratibu ulikuwa ule ule: Mjerumani anaeleza sarufi, Mswahili anatoa sauti, mifano na habari za kwao. Kwenye jalada, mara nyingi, jina ni la yule wa kwanza.

Kabla ya seminari hiyo kufunguliwa, Berlin ilikuwa imekwisha kuona kitabu kingine juu ya nyumba za pwani, nacho kiliandikwa na mtu ambaye hakuhitaji kukusanya habari kwa yeyote.

Seyyida Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Msirkasi, suria aliyeporwa kwao angali mtoto baada ya wazazi wake kuuawa. Katika jumba lile waliishi masuria kutoka Uhabeshi na Kaukasi, watoto wa rangi zote na lugha kadhaa, na juu yao wote Bibi Azza bint Sef, mke wa ndoa ambaye hakuwa na mtoto. Watoto wote wa Seyyid Said walikuwa wa masuria. Alipofariki baharini mwaka 1856, walio hai walikuwa 36, na kwa sheria ya Kiislamu kila mmoja alikuwa mwungwana kamili mwenye fungu lake la urithi, kwa kuwa mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake hana upungufu mbele ya mtoto wa mke.

Salme alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, maana wasichana walifundishwa kusoma tu. Ujuzi huo ulimponza mapema. Barghash alipopanga kumpindua nduguye, Sultani Majid, mwaka 1859, wapangaji walihitaji mtu wa kuandika barua zao, na mwandishi akawa msichana wa miaka 15. Mpango ulivunjika, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki katikati ya ndugu waliogawanyika.

Kilichofuata kinajulikana na wengi Unguja hata leo. Alipendana na jirani yake, mfanyabiashara wa Hamburg aliyeitwa Rudolph Heinrich Ruete, akapata mimba, na mwezi Agosti 1866 akatoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Mwaka uliofuata akabatizwa huko, akapewa jina la Emily, na siku hiyohiyo akaolewa. Mtoto wao wa kwanza alifariki safarini kwenda Ulaya. Hamburg walipata wengine watatu, kisha mwaka 1870 Heinrich akagongwa na tramu ya farasi akafa. Mjane wa miaka 25, asiyezoea baridi wala lugha, akabaki na watoto watatu wadogo, akawa anafundisha lugha ili apate riziki.

Kumbukumbu zake zilichapishwa Berlin mwaka 1886. Alisema ameziandika kwa ajili ya watoto wake, na hilo linaonekana katika mpangilio: mna habari za jumba na bustani, lakini pia mna sura nzima juu ya hali ya mwanamke, juu ya posa na harusi, juu ya uzazi na miaka ya kwanza ya mtoto, juu ya chuo, juu ya utumwa. Watoto wa Hamburg hawakumjua bibi yao Msirkasi wala shangazi zao wa Unguja. Ilibidi waelezwe kwa kitabu yale ambayo mtoto wa Unguja huyajua kwa kutumwa nyumba ya tatu kupeleka kombe la chakula. Mengine anayoyasema ni magumu kumeza. Anautetea utumwa wa kwao kwa maneno ambayo suria mwenyewe, huenda hata mama yake, asingeyasema hivyo. Lakini pale anapokanusha mawazo ya Wazungu juu ya wake waliofungiwa ndani, anaandika kama mtu aliyekwisha kuchoka kuulizwa swali lile lile kwenye kila meza ya chai.

Nyumba yake mwenyewe haikuwa na mahali katika sura hizo. Sheria aliyoieleza vizuri, ya posa na urithi, ndiyo iliyomfungia mlango: mwanamke Mwislamu haolewi na Mkristo, na aliyeacha dini harithi kwa Waislamu. Mwaka 1885 alirudi Unguja na watoto wake, safari hii wakifuatana na manowari za Bismarck, kansela wa Ujerumani, ambaye madai ya urithi ya binti huyu yalimfaa katika kumtisha Sultani. Barghash, ambaye sasa ndiye aliyekuwa Sultani, yule yule aliyeandikiwa barua na dada yake miaka 26 nyuma, alikataa kumwona. Bismarck naye, baada ya kupata alichokitaka, hakuwa tena na haja na mirathi ya mtu.

Mtu wa pili wa habari hii, Mtoro bin Mwinyi Bakari, alikuwa kijana wa miaka 16 wakati manowari hizo zinatia nanga Unguja. Alizaliwa Dunda, karibu na Bagamoyo, mwaka 1869. Alisoma elimu ya dini, akafundisha Kurani, akajua pia njia za biashara ziendazo bara. Bagamoyo ya ujana wake ilikuwa mji wa misafara, mji ambamo mtu angeweza kumwona asubuhi moja Mnyamwezi mwenye pembe mabegani, Mhindi mwenye daftari la madeni, Mmanga, Mshihiri, padri Mfaransa, na jumbe mwenye kudai ushuru wake. Aliyekulia hapo hakuhitaji kufundishwa kwamba watu huoana kwa njia nyingi.

Mwaka 1900 alifika Berlin kufundisha katika ile seminari. Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali Dar es Salaam kabla ya kurudi kwao, alikuwa anakusanya maandishi ya Waswahili wenyewe. Mwaka 1901 akatoa Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa habari za safari ambamo Mtoro pia anasimulia mwendo wake wa Udoe na Uzigua. Kisha ikaja Desturi. Walichangia wengine, lakini fungu kubwa la kazi hiyo ni la Mtoro.

Mtu akiisoma leo anaona upesi kwamba haikuandikwa kama ripoti ya mpelelezi. Mwandishi hasemi "wao". Anajua mtoto anapolia usiku huambiwa nini, anajua kungwi anadai nini na nani anamlipa, anajua mambo ya kusema mbele ya wakwe na ya kunyamazia. Somo na kungwi, ambao si ndugu wa damu, wanapewa nafasi kama watu wa nyumbani, kwa sababu ndivyo walivyokuwa. Anaeleza tofauti ya mtumwa aliyeletwa juzi na mzalia aliyezaliwa nyumbani kwa bwana, na namna ambavyo zamani mtumwa hakuvaa kofia mbele ya waungwana. Hapo kalamu yake ni kavu kidogo. Kuna wanaosema ameficha ukali wa utumwa, na huenda ni kweli, maana yeye alikuwa wa upande wa waungwana. Lakini Salme aliutetea. Mtoro anaueleza jinsi ulivyopangwa, nani anakaa wapi, nani anamwitaje nani, na msomaji mwenye macho anauona ukali wenyewe katika mpango huo.

Jambo moja katika masuala ya ndoa linastahili kushikwa hapa. Sheria ya Kiislamu inazungumza habari ya kufu, yaani walingane mume na mke kwa nasaba na hadhi, na pwani watu walilishikilia sana, pengine kuliko sheria yenyewe ilivyotaka. Lakini sheria hiyohiyo inamruhusu mwanamume Mwislamu kumwoa mwanamke wa watu wa Kitabu, Myahudi au Mkristo. Salme alikwama upande mmoja wa kanuni hii. Mtoro alikuwa upande wa pili, ambako mlango uko wazi.

Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, mwanamke Mjerumani aliyekuwa mfanyakazi wa kiwandani. Katika sheria ya Ujerumani ya wakati huo hapakuwa na kipingamizi, na ndoa ikafungwa kihalali. Katika dini ya bwana harusi hapakuwa na kipingamizi. Kipingamizi kilikuwa ndani ya seminari na katika ofisi za koloni. Mwalimu huyu alikuwa akiwafundisha watu watakaokwenda kuwatawala ndugu zake, na baadhi ya wanafunzi hawakutaka kumheshimu mwalimu mweusi, sembuse mwalimu mweusi mwenye mke mweupe. Ugomvi ukakua, na mwaka 1905 kazi ikaisha.

Akaamua kurudi kwao na mkewe. Wakapanda meli. Gavana wa wakati huo alikuwa von Götzen, na serikali yake ilikataa katakata kumpokea mwanamke wa Kijerumani nchini akiwa mke wa Mwafrika. Hoja haikuwa desturi wala dini. Hoja ilikuwa heshima ya Mzungu: koloni zima lilisimama juu ya dhana kwamba Mzungu huamuru na mweusi hutii, na nyumba ambamo Bertha angempikia Mtoro chai, Dunda au Bagamoyo, ingeivunja dhana hiyo kila asubuhi. Katika mwezi wa Julai mwaka huohuo Vita vya Maji Maji vilianza kusini, na serikali ikawa na woga wa kweli zaidi ya woga wa ndoa, lakini msimamo wake kwa wawili hawa haukulegea. Mume na mke hawakuruhusiwa kushuka pamoja. Wakarudi Ujerumani.

Basi aliyewaandikia Wajerumani namna nyumba za pwani zinavyojengwa, kwa posa, kwa mahari na kwa ushuhuda, alinyimwa ruhusa ya kuingia kwao na nyumba yake mwenyewe. Na aliyemnyima huenda alikuwa na kitabu chake kabatini, kwa kuwa ndicho maofisa walichosomea.

Mwaka uliofuata, 1906, serikali ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ikapiga marufuku ndoa za weupe na weusi, ikifuata nyayo za Afrika ya Kusini-Magharibi iliyotangulia mwaka 1905. Samoa ikafuata mwaka 1912. Ajabu ni kwamba ndani ya Ujerumani yenyewe ndoa hizo ziliendelea kuwa halali, na mwezi Mei 1912 Bunge la Berlin lilipiga kura 203 kwa 133 kutaka sheria itungwe ya kuzitambua katika makoloni yote. Katika mjadala, wabunge Wakatoliki walisimama kwa ajili ya sakramenti ya ndoa, na wajamaa kwa ajili ya usawa. Serikali haikulifanyia kazi azimio hilo. Miaka miwili baadaye vita kuu vikaanza, na baada ya vita hapakuwa tena na makoloni ya Kijerumani ya kutungia sheria.

Mtoro alipata kazi Hamburg mwaka 1909 kwa Carl Meinhof, mtaalamu wa lugha za Kibantu, katika Taasisi ya Kikoloni ya mji huo, mji uleule Salme alikoishi miaka ya kwanza ya ujane wake. Alikaa hapo hadi 1913. Kisha akarudi Berlin, akawa anatembea kutoa mihadhara juu ya Afrika Mashariki kwa watu wa kawaida. Salme alifia Jena mwaka 1924. Mtoro alifia Berlin mwaka 1927.

Vitabu viliendelea bila wao, na polepole vikaanza kuandikwa kwa wasomaji wa aina nyingine. Sheikh Ali Hemedi el-Buhriy, kadhi mashuhuri wa Tanga, aliandika kwa Kiswahili juu ya mirathi na juu ya nikahi ili Waislamu wa pwani wenyewe wajue haki zao. Kazi hizo serikali ya Kiingereza ilizitia katika Kiingereza kwa ajili ya mahakimu wake, lakini hazikuandikwa kwa ajili yao. Unguja, Muhammad Saleh Farsy, ambaye baadaye angetunga Kurwa na Doto, alitoa Ada za Harusi katika Unguja katika miaka ya 1950, kitabu kidogo kwa watu walioanza kuona ada hizo zikibadilika machoni pao. Hapa hakuna anayemweleza mgeni. Mwenyeji anamkumbusha mwenyeji mwenzake.

Bara kazi ilikuwa ya aina nyingine. Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa jamii katika serikali ya Tanganyika, aliandika sheria za kimila za Wahaya na za Wasukuma, na uhuru ulipofika akapewa kazi ya kuziunganisha mila za makabila mengi ziwe andiko moja. Alifariki mwaka 1962 kabla andiko halijatangazwa. Lilitangazwa mwaka 1963, na lilihusu jamii zinazohesabu ukoo kwa baba. Jamii zinazohesabu ukoo kwa mama zilibaki nje ya andiko, kana kwamba mjomba amesahauliwa mlangoni wakati karamu inaendelea. Kwa msomaji wa habari za Mtoro na Salme hilo si geni: kila anayeandika kanuni za nyumba lazima aamue nyumba ya nani ndiyo ya mfano, na nyingine zinabaki kuwa vighairi.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ilijaribu njia pana zaidi. Iliweka chini ya paa moja ndoa ya Kikristo, ya Kiislamu, ya kimila na ya serikali, ya mke mmoja na ya wake wengi. Ikaongeza kifungu cha 160, ambacho mawakili wanakijua kwa namba yake: mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana kwa watu kuwa ni mume na mke huchukuliwa kuwa wameoana, hadi ithibitishwe vinginevyo. Wabunge wa 1971 huenda hawakuwa na habari ya Bertha, lakini mtu anaweza kujiuliza ofisa wa Götzen angekisomaje kifungu hicho gatini.

Desturi za Wasuaheli nayo ilipata maisha ya pili. J. W. T. Allen, Mwingereza aliyetumia miaka mingi kutafuta hati za Kiswahili pwani na aliyekwisha kuitafsiri Nikahi ya Sheikh Ali Hemedi, aliifasiri kwa Kiingereza. Alifariki mwaka 1979 kabla haijatoka. Noel King akaimalizia, na mwaka 1981 ikachapishwa na Chuo Kikuu cha California. Safari hii jina lililotajwa kuwa la mwandishi lilikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, na Velten akarudi nyuma. Wanafunzi wa anthropolojia na historia ya Afrika wakaanza kukitumia vyuoni, na mwenyeji wa Dunda aliyepoteza kazi Berlin akawa mwalimu tena.

Habari za ndoa yake zilibaki katika majalada ya serikali ya kikoloni, katika barua za kuomba ruhusa na za kukataa, hadi mwanahistoria Ludger Wimmelbücker alipozifuatilia na kuziandikia kitabu. Kilichapishwa mwaka 2009 na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam. Miaka 104 baada ya meli ile kurudi na abiria wake wawili, Bertha na Mtoro wakaingia mjini pamoja, katika boksi la vitabu.